Mbawa za Rangi ya Asali

Ntambu, Mwinilunga
9 Novemba 1987

Mke wangu Nyakatoma,

Unasoma barua ya mtu mashuhuri. Jana mimi babu yako Kambidima, na miaka yangu sabini na kitu, nimepanda myombo mrefu kuliko mnara wa kanisa, kamba kiunoni, shoka begani, nikafika kwenye mzinga wa juu kabisa na kuwakamata nzi wako kwa mikono miwili huku nyuki wakinisalimia usoni.

Haya, ni uongo. Nilikaa kwenye kisiki chini ya mti nikiwa na kofia ya bibi yako, na nzi wakaja wenyewe kwenye maua. Hata kile kisiki nilikipanda kwa taabu. Lakini barua ikianza na ukweli mtupu, nani ataimaliza?

Bibi yako mzima. Anasema umekonda, ingawa hajakuona tangu Agosti. Mananasi ni mengi hadi mbuzi wameyakinai. Mvua imeanza, halafu ikajuta, halafu ikaanza tena.

Sasa jambo lenyewe. Uliniuliza kwa nini nyuki wangu wanatambaa chini mchana kama walevi, tumbo limevimba, hawaruki tena. Mkosaji nimempata. Ni nzi anayejifanya nyigu. Kiuno chembamba kama cha binti wa kwaya, kichwa kikubwa kama cha diwani, mdomo mrefu umekunjwa katikati kama kiwiko. Anakaa kwenye ua kama mtu asiye na habari. Nyuki akipita, anamrukia mgongoni, wanapepesuka hewani kwa muda wa kupiga chafya, kisha kila mmoja anakwenda zake. Nyuki maskini hajui kwamba ameshabebeshwa mtoto wa mwenzake, na mtoto huyo atamla kuanzia ndani.

Nimekutumia kumi na wawili kwa dereva wa lori la mananasi. Wamo kwenye ile chupa uliyoniachia, kama ulivyoagiza.

Ukimwandikia shemeji yangu Sakapenda, kaka wa bibi yako, usimpe salamu zangu. Bado hatusemezani tangu ile habari ya mzinga.

Mumeo,
Kambidima


Lusaka
20 Desemba 1987

Mume wangu mzee,

Shikamoo, na mwambie bibi sijakonda. Chupa imefika Jumatatu. Lori liliharibika Solwezi, kwa hiyo nzi wako wamekaa njiani wiki tano, lakini hawakuoza.

Babu, kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Nadhani nzi huyu hajawahi kuandikwa na mtu yeyote duniani.

Nimekaa naye kwenye hadubini siku sita, mpaka Profesa akaniuliza kama nimeolewa naye. Sikia nilivyoanza: “Urefu milimita tisa na nusu. Kichwa kipana kuliko kifua. Uso wa manjano. Vipapasio vyeusi, kipande cha tatu kirefu mara mbili ya cha pili. Kifua cheusi kisicho na vinyweleo virefu. Tumbo jeusi lenye pete mbili za rangi ya asali. Chini ya tumbo la jike pana kidude kilichojikunja, laini, cha kumfungua nyuki. Mbawa zote ni za rangi ya asali, toka shina hadi ncha.”

Mbawa hizo ndizo jambo lenyewe! Katika droo za chuo wako nzi wa aina sita za ukoo huu na hakuna mwenye mbawa kama hizo. Wa sita, aliyeandikwa zamani kutoka huko kusini, anafanana naye kwa kila kitu isipokuwa mbawa na zile pete. Profesa amekubali nzi huyu awe tasnifu yangu yote. Nikimwandika vizuri, napata shahada. Nisipomwandika, narudi kufundisha darasa la tatu.

Swali moja tu. Spiriti ile niliyokuachia hufifisha rangi. Akiwa hai, mbawa zake zikoje? Zimekolea zaidi ya hapo?

Mkeo,
Nyakatoma


Ntambu
24 Januari 1988

Mke wangu,

Tumepokea barua yako tukafurahi mno. Bibi yako alipiga vigelegele kisha akauliza, “Nzi?” Nikamwambia, “Ndiyo, nzi.” Akasema kumbe angejua angekufundishia nyumbani, maana jikoni wamejaa.

Kuku yule mweusi amefariki. Daraja la kwenda shuleni limechukuliwa na maji, watoto wanashangilia. Goti langu la kushoto linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Mizinga yangu mitano kati ya saba imehamwa, nyuki wamechoka na nzi wako. Siku hizi siwezi kukaa mahali pamoja. Natoka ghalani naenda barabarani, natoka barabarani narudi ghalani, mpaka bibi yako ameniuliza kama kuna kitu nimekizika.

Kuhusu nzi: miguu yake ni miekundu kidogo kwenye mapaja, hilo hukulisema. Tena anapotua hukunja kiuno chini kama mzee anayetafuta shilingi aliyoiangusha.

Kuhusu rangi, mke wangu, rangi ni mambo ya vijana. Mimi nilimwoa bibi yako bila kuuliza rangi. Wewe mwandike umbo. Umbo halidanganyi.

Mumeo,
Kambidima


Lusaka
6 Machi 1988

Babu,

Shikamoo. Pole kwa kuku, pole kwa goti.

Hukujibu swali langu. Nilisoma barua yako mara tatu nikidhani ukurasa umepotea.

Mbawa zikoje akiwa hai? Ni sentensi moja tu. Makala ninaituma kwa wachapaji tarehe 30 Mei, na jopo la mitihani linakaa siku hiyo hiyo. Jina nimeshalichagua, kwa lugha ya wataalamu maana yake ni “mwenye mbawa za asali”. Profesa amelipenda. Nami nimelizoea kiasi kwamba naliota.

Na mbona herufi zako zimekuwa kubwa hivi? Barua ya Novemba ilikuwa ukurasa mmoja. Hii ina kurasa nne na maneno ni yale yale.

Nyakatoma


Ntambu
5 Aprili 1988

Mke wangu mpenzi, mwenye huruma, uliyelelewa vizuri,

Bibi yako hajambo. Mihogo haijambo. Mimi ndiye nina jambo.

Ile chupa ya spiriti uliyoniachia. Mvua zilipoanza, goti lilikuwa linaniua. Nikalipaka kidogo. Goti likafurahi, nikalionea huruma na la pili. Kilichobaki niliwashia kuni mbichi siku wageni wa kanisa walipokuja, moto ukaruka mpaka mchungaji akataja jina la Yesu bila kuongoza sala. Basi nilipowapata nzi, chupa ilikuwa tupu na lori limeshapiga honi.

Nikafikiri: spiriti ni pombe, kasolu ni pombe. Bibi yako alikuwa na kibuyu cha kasolu ya mwezi mzima, asali tupu, kali, hata mende akitumbukia hatoki na akili zake. Nikajaza chupa. Nikawatia. Nikaandika juu yake “SPIRITI” ili usihangaike.

Wamekaa kwenye kasolu wiki tano, Nyakatoma. Unajua kasolu inavyofanya kwenye shati jeupe.

Nadhani mbawa zake ni nyeupe, za kuona upande wa pili. Nasema nadhani. Usiniulize zaidi.

Ulipoandika kwamba ni mpya duniani, nilitaka kusema. Lakini ulikuwa umefurahi sana, na furaha ya mtu ni kama mzinga wenye nyuki: huugusi kabla hujajua utakimbilia wapi.

Kambidima


Lusaka
24 Aprili 1988

Babu,

Bila mbawa na bila pete, huyo ni nzi wa sita. Ameshaandikwa. Mimi sina kitu.

Sijamwambia Profesa. Kila asubuhi ananiuliza “Asali hajambo?” na mimi najibu hajambo. Nimeosha mbawa mbili kwa maji moto na rangi haikutoka, sijui kama ni kwa sababu ni yake au kwa sababu ni ya bibi. Siwezi kukaa. Siwezi kutuma makala wala siwezi kuirudisha.

Nitafutie wengine. Wakavu, wasiguswe na kioevu chochote, kila mmoja kwenye karatasi yake iliyokunjwa pembe tatu. Wanifikie kabla ya tarehe 30 Mei. Kama kwako wamekwisha, babu Sakapenda ana mizinga arobaini upande wa mto. Najua hamsemezani. Sikuulizi kwa nini.

Na usiniite mke wako katika barua ijayo.

Nyakatoma


Ntambu
17 Mei 1988

Msomi mheshimiwa,

Salamu za bibi yako zimo, zangu nimeziacha nje mpaka ziruhusiwe kuingia.

Kwangu hakuna nzi kwa sababu hakuna nyuki. Mzinga wa mwisho ulihamwa Pasaka. Kwa wiki moja nilizunguka vichakani na chandarua nikakamata vipepeo wawili na sikio la mbuzi. Jumapili bibi yako akasema, “Kaka yangu yuko nyumbani kwake, hajahamia mwezini.” Nikaenda.

Sakapenda alikuwa anashona gome la mzinga mpya. Hakuinua kichwa.

“Nani huyo?”

“Ni mimi, shemeji.”

“Nilikuwa na shemeji mmoja, yule anayetembea na mizinga ya watu kichwani.”

“Nimefuata nzi.”

“Siku hizi unaiba hata nzi?”

Wewe unajua tu kwamba tuligombana. Sasa sikia. Huku kwetu mti ukiutia alama kwenye shina, mzinga ulio juu ni wako, na hata ukae miaka kumi hakuna atakayeugusa. Alama yangu ni mikato mitatu. Ya Sakapenda ni minne. Mwaka juzi niliagiza mzinga ushushwe kutoka mti mmoja karibu na mto, nikaubeba mchana kweupe, nikala asali na kuisifu. Ulikuwa wake. Watu wakasema Kambidima mwizi. Mimi nikacheka nikasema, “Mwizi ni yule anayekamatwa akitafuna. Mimi nilikuwa nimeshameza.” Wakaniogopa kidogo. Sakapenda akafunga mlango.

Jumapili hiyo akaniambia, “Nzi wapo. Lakini kwanza uniambie kwa nini uliushusha. Si kwa mzaha. Mzaha wako nimeushiba.”

Nilisimama pale, msomi, nikabadilisha mguu wa kulia na wa kushoto kama jogoo juu ya bati la moto. Nilifikiri kurudi nyumbani. Nikafikiria tarehe 30.

“Nilihesabu mikato mitatu,” nikasema.

“Ipo minne. Niliikata kwa kina cha kidole. Hata mbuzi angehesabu.”

“Mbuzi anaona.”

Hapo ndipo alipoinua kichwa.

Basi nimelisema, na wewe ulijue. Macho yangu yana ukungu, mwaka wa tatu huu. Nzi wako nilimwona kiuno na kichwa, mengine nilimalizia kwa akili. Ndiyo maana herufi ni kubwa. Bora kuitwa mwizi kuliko kuitwa mzee asiyeona. Mwizi watu wanafunga milango akipita. Mzee asiyeona anapewa kiti na uji, halafu wanaongea juu ya kichwa chake kama yeye ni meza.

“Kwa nini hukusema?” Sakapenda akauliza.

“Ungenicheka.”

“Ningekucheka, ndiyo. Ningekucheka mpaka Krismasi. Halafu ningekukatia alama zako upya, kubwa, uzisome kwa vidole.” Akaweka gome chini. “Mjinga wee. Miaka miwili nimecheza bao na watoto.”

Jana asubuhi tukaenda mtoni kwenye maua. Alishona chandarua kwenye duara la mti, akanikalisha na daftari. Yeye anakamata, yeye anaangalia, mimi naandika. Macho yake ni ya mwewe, ingawa kichwa ni cha kuku. Nakuandikia kama alivyosema.

“Mbawa?” nikamuuliza.

“Maji.”

“Maji ya kasolu au maji ya mto?”

“Ya mto. Ila ukingo wa mbele una moshi, kama mtu amezishika kwa vidole vyenye masizi.”

“Pete za tumbo?”

“Hana pete. Jeusi. Pembeni limepakwa majivu.”

“Uso?”

“Njano, na mstari mweusi katikati kama amepigwa kofi na kidole kimoja.”

“Kile kidude chini ya tumbo?”

Akamgeuza nzi, akamsogeza kwenye jua. “Hiki kama kifungulio cha kopo? Kina meno.”

“Msomi ameandika ni laini.”

“Msomi aje ang'atwe. Kina meno meusi, mistari miwili, kama msumeno uliolala juu ya msumeno.”

“Hesabu.”

“Sikilizeni mtu huyu! Mikato minne ilimshinda, sasa anataka meno ya nzi.” Lakini akahesabu. Mstari wa juu kumi na moja, wa chini tisa, au kumi, nzi alipiga teke.

Wako saba. Watano wana kifungulio, wawili hawana, Sakapenda anasema hao ni waume na ndiyo maana wana sura ya kusingiziwa. Wote wakavu. Nimewafunga mimi, kwa kupapasa, hakuna aliyevunjika mguu. Dereva wa lori amekula kiapo mbele ya bibi yako, na bibi yako ameshika ufunguo wa lori wakati akiapa.

Sijui kama mbawa za maji zimekuangamiza. Andika haraka. Bibi yako ameniuliza tena nimezika nini.

Kambidima


Lusaka
19 Juni 1988

Babu,

Shikamoo, shikamoo pia kwa bibi na kwa babu Sakapenda.

Nzi walifika tarehe 28 Mei. Mbawa ni za maji. Nilikwenda kwa Profesa siku hiyo hiyo nikamwambia yote, goti, kuni, kasolu, lebo. Siku tatu hakuniuliza tena “Asali hajambo?” Makala nikaiondoa, na jopo likakaa bila mimi. Kwa hiyo mwaka huu sitahitimu, babu. Wenzangu wanapiga picha na majoho wiki ijayo. Nimejitolea kushika kamera.

Siku ya nne Profesa alikuja, akaniondoa kwenye kiti changu mwenyewe, akainama kwenye hadubini na jike mmoja wa babu Sakapenda. Akakaa hapo mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, “Meno ni ya mistari miwili.”

Nzi wa sita ana mstari mmoja. Wote duniani waliowahi kuandikwa katika ukoo huu wana mmoja, au hawana. Nilirudi kwa wale kumi na wawili wa kasolu, nikakwangua kwa sindano. Sukari ya bibi ilikuwa imeganda juu ya meno kama nta. Mimi mwenyewe niliandika “laini”, na nilichora laini, na nilikuwa na uhakika. Kumbe nilikuwa nachora pombe.

Ni mpya, babu. Tena ni mpya kwa sababu ya kitu nilichokipita kwa miezi mitano nikishangaa mbawa. Mfadhili ameniongezea miezi sita. Nitakaa mbele ya jopo mwezi wa kumi na mbili, na makala itatoka mwanzoni mwa mwaka. Jina jipya linatokana na msumeno. Mwishoni nimeandika: “Wamekusanywa na Sakapenda na Kambidima, Ntambu, 16 Mei 1988.” Meno ya juu ni kumi na moja kwa majike wote watano. Ya chini ni tisa. Mwambie.

Nitapata nakala tatu: yangu, ya chuo, na moja ya nyumbani. Babu Sakapenda alitia kikaratasi kwenye kifurushi cha nzi, kwa mkono wa mwalimu, kwamba jina lake liwe la kwanza, kwa hiyo nakala iende kwake.

Nakuja Septemba. Tutakwenda hospitali ya misheni pamoja kuhusu huo ukungu, na usinijibu kwa mzaha.

Bado nimekasirika. Ila siku nyingine nikiwa peke yangu maabara nacheka.

Mkeo,
Nyakatoma


Ntambu
10 Julai 1988

Mke wangu, kwa kuwa umeruhusu,

Bibi yako anasema shahada ya mwaka kesho ina uzito ule ule, na majoho hayaozi. Mimi sisemi kitu. Kila nikiwaza wewe umeshika kamera, nainuka nakwenda kukata kuni ambazo hazihitajiki. Tuna kuni za miaka miwili.

Hospitali nitakwenda, sina mzaha. Mzaha ninao mwingine, wa Sakapenda.

Mtu huyu amekuwa hatari. Ulipoandika kumi na moja na tisa, nilimsomea mbele ya watu, nikajuta. Sasa anawahesabia watoto meno ya nzi. Kanisani, mchungaji aliposema sote ni wageni duniani, alinong'ona, “Isipokuwa waliokusanya.” Jana kwenye bao alinitangulia kukaa akasema jina la kwanza hukaa kwanza. Mizinga yake inaongezeka, yangu miwili imeingiwa na nyuki, lakini alama zangu alizonikatia ni kubwa kiasi kwamba watu wanauliza kama nimefungua duka.

Mke wangu, kuna kitu kimoja nakudai, na si fedha. Niliingia kwenye boma la mtu yule na kusema maneno niliyoapa kwamba yatazikwa nami. Nilisema kwa ajili ya nzi wako. Hujanilipa, na sikudai kikubwa.

Hiyo nakala ya nyumbani iandikie anwani yangu. Si kwamba nitamnyima. Nitampelekea mwenyewe, siku ya pili yake. Nipe siku moja tu. Nataka nipite nayo mbele ya nyumba yake asubuhi, nikiwa nimeikunjua, nisisimame. Nipite tena mchana. Aniite, nisisikie. Jioni ndipo nitaingia, nikae kwenye kiti chake, niseme, “Shemeji, nisomee hapa, macho yangu hayaoni,” na yeye hajui kusoma.

Mumeo,
Kambidima